Inueni vichwa, mlima una habari zake

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wetu wa waendesha baiskeli hapa Iringa. Watu wameniomba niyaandike maana siku ile sikuwa na karatasi, kwa hiyo nimeandika kama nilivyoongea, na pale nilipopotea nimeacha hivyohivyo.

Kamwene! Kamwene tena, maana hiyo ya kwanza wameitikia wazee peke yao. Shikamooni wazee wangu. Kina mama habari za toka juzi. Vijana, mambo. Na wageni wetu wa Mbeya, ugonile, najua nyie mmekuja na basi na baiskeli zimelala kwenye buti, hatuwacheki, kilomita zaidi ya 300 si mchezo na kule njiani Makambako kuna upepo ambao unaweza kukurudisha ulikotoka.

Mimi wengi mnanijua, ni fundi baiskeli, nina kibanda changu pale karibu na soko, huu ni mwaka wa 27 naziba pancha. Wengine mmenipa pesa, wengine bado mnadaiwa na nawaona mmekaa nyuma pale. (Wakacheka.) Nimeambiwa niongelee ufundi wa kuendesha milimani na ntauongelea, lakini mniruhusu kwanza nitoe dukuduku langu maana lina miezi kadhaa.

Kuna kijana mmoja hapa, simtaji, ana baiskeli nzuri sana, nyepesi, ukiinyanyua kwa kidole inanyanyuka. Siku moja akaja kibandani anatoka Kalenga, kaenda karudi, jasho linamtoka, cheni inalia kama panya. Nikamuuliza, enhe, umeona nini huko? Akaniambia, "Fundi, wastani 24 kwa saa." Nikasema sawa, umeona nini? Akainama akaangalia kile kidude chake cha kupimia mwendo kwenye usukani akaniambia tena, "mwinuko jumla mita mia tatu na kitu." Jamani. Mtu katoka Kalenga! Kapita mahali ambapo dola zima la Wahehe liliangushwa kwa mizinga, anarudi na namba mbili. Nikamwekea oili kwenye cheni akaondoka, lakini mi nikabaki nakereka mpaka jioni.

Sasa ninachotaka kusema leo ni hiki tu, vingine vyote ni matawi. Huku kwetu hakuna mji, ngome wala barabara iliyokaa mahali ilipo kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliuangalia mlima akaamua. Na sisi wa baiskeli ndo watu pekee tuliobaki ambao tunaweza kumwelewa yule mtu, kwa sababu mwenye gari hajui kama kuna mlima, anabadilisha gia anaendelea na stori, ila wewe unaujua kwa mapaja.

Tuanze na hapa hapa. Nani hajawahi kuilaani Ipogolo? Unatoka zako Ilula au Tanangozi, umechoka, maji yameisha, unafika pale chini kwenye barabara kuu, unaona mji uko kule juu kabisa unakuangalia. Unajisemea hivi huyu aliyejenga mji huku alikuwa na akili timamu? Barabara kuu inapita chini, mto Ruaha Mdogo uko chini, mji uko juu. Ndo maana ruti zetu nyingi lazima ziishie na mlima, hata uzungukeje. Haya, jibu ni kwamba aliyeujenga alikuwa mwanajeshi na alikuwa anaogopa. Mji huu Wajerumani waliuanzisha mwaka 1896, jamaa anaitwa Tom von Prince, na alichagua huku juu ili mtu yeyote anayekuja aonekane mapema na afike amechoka. Sisi ndo tunaofika tumechoka mpaka leo. Lile jengo la Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho, ukisimama pale ujue umesimama kwenye uamuzi wa mtu mwenye hofu.

Hofu ya nini? Ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye mwaka huo wa 1896 alikuwa bado yuko porini anawasumbua.

Na hata jina si la hapa. Iringa ni lilinga, ngome, wazee mtanisahihisha nikikosea. (Mzee mmoja akasema, "Hujakosea.") Asante mzee. Na hiyo lilinga yenyewe haikuwa huku, ilikuwa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka hapa. Kalenga ndo Iringa ya kwanza. Walipoiangusha wakaja kujenga ya kwao wakachukua na jina, kama mtu anayekuibia baiskeli halafu anakuja kuitengenezea kwako.

Sasa Kalenga iangalieni kibaiskeli. Ukitoka mjini kwenda Kalenga unateremka, si ndiyo? Kwenda raha, kurudi kilio. Maana yake Kalenga iko bondeni, kuna maji, kuna udongo mzuri, ng'ombe wananywa, mahindi yanakubali. Kwa vita vya mikuki pale palikuwa sawa kabisa, unajenga ukuta wako mnene, adui aje na mkuki wake tuonane. Shida ilikuja na mizinga. Mwenye mzinga hataki kuja chini, yeye anatafuta kilima. Tarehe 30 Oktoba 1894 ndo ngome ikaingiwa. Na mkipanda kule Tosamaganga, ile misheni, na nyinyi mnaipenda kwa sababu ya lami na kivuli, wenyeji wanasimulia kwamba jina lenyewe ni kutupa mawe, yaani Wajerumani walikuwa wanarusha "mawe" yao kutoka upande ule kuja Kalenga. Mi sikuwepo. Ila siku moja nilipanda na baiskeli mpaka juu nikakaa nikanywa togwa yangu nikaangalia upande wa bondeni, nikasema aisee, kama ningekuwa na mzinga na roho mbaya, na mimi hapa hapa ningeuweka.

Mkwawa akatoka, akapigana miaka mingine karibu minne akizunguka humo porini, kichwani kwake pamewekwa zawadi ya rupia 5,000, mpaka tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi alipojimaliza mwenyewe asikamatwe. Mlambalasi ni kama kilomita 50 kutoka hapa, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Tairi zenu zile nyembamba kama kamba acheni nyumbani. Wakamkata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Halafu kuna kitu vijana wengi hawakijui, ule mkataba wa Versailles uliomaliza vita kuu ya kwanza, mwaka 1919, mkataba mkubwa wa dunia, ndani yake mna kifungu cha 246 kinasema kichwa cha Mkwawa kirudishwe ndani ya miezi 6. Miezi 6! Kilirudi mwaka 1954, gavana Twining ndo alienda kukifuata Bremen. Miaka 35. Mi mteja akinidai siku tatu ananipigia simu usiku.

Kipo pale Kalenga kwenye makumbusho, kwenye kioo. Ukifika weka baiskeli chini, vua helmeti, ingia. Kijana wa wastani 24, unanisikia?

Ntawaambia na ya Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, lakini ngoja niseme kidogo ufundi maana mwenyekiti ananiangalia vibaya.

Mlima kwa fundi ni hesabu ya meno. Baiskeli zetu kubwa, Phoenix na wenzake, gia ni moja tu, na ukihesabu meno ya mbele yanazidi ya nyuma zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea karibu mita 5. Tambarare raha sana. Mlimani ni kama kunyanyua gunia kila ukikanyaga. Hizi za kisasa unaweka 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja unasogea mita mbili na kidogo tu, miguu inazunguka haraka lakini goti halilii. Wengi wenu mnanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka nchi tambarare, nyuma gia kubwa kabisa ina meno 23 au 25, halafu mnakuja kwangu magoti yamevimba mnasema fundi kaza breki. Breki haina kosa! Badilisha kaseti, yale meno ya nyuma. Na mkisikia mlima ni asilimia 8, maana yake ni kwamba kila mita 100 unazoenda umepanda mita 8, jengo la ghorofa mbili na nusu hivi, halafu unaendelea.

Na badilisha gia kabla ya mlima, si katikati umeshasimama pedeli zote nguvu. Cheni nyingi ninazounga zimekatika hivyo. Mtu anabonyeza gia huku amesimama kwa uzito wake wote, paap, halafu anakuja kwangu ananiambia cheni ilikuwa feki. Zipo feki, sikatai, lakini nyingi ni nyinyi.

Sasa niwaambie habari ya mzee mmoja. Huyu hana kidude, hana helmeti, na ndiye mwalimu wangu wa milima. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natoka Kalenga kurudi mjini, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kukaza. Mbele yangu nikaona matenga mawili ya nyanya yanatembea yenyewe. Nilivyokaribia ndo nikaona kuna baiskeli chini yake na mzee pembeni anaikokota. Phoenix nyeusi, imechakaa mpaka rangi imekuwa ya chuma, keria imeongezwa nondo, matenga yamefungwa kwa mpira wa tyubu uliokatwa kamba kamba. Mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia umeshika mti mnene uliofungwa nyuma ya siti umesimama kama mlingoti, ndo anausukumia. Hasukumi kwa mikono. Anaegemea kwa bega, uzito wa mwili ndo unasukuma, miguu inafuata tu, polepole, kila hatua sawa na iliyopita.

Nikashuka nikamwamkia. Marahaba mwanangu. Nikataka kumsaidia kusukuma akakataa, akasema ukisukuma wewe utanivuruga mwendo. Basi nikamfuata. Tukaenda tukafika mahali akasimama, akachomoa gongo lenye panda lililokuwa limechomekwa kwenye fremu, akaliweka chini ya keria, baiskeli ikasimama wima na mzigo wake wote kama mezani. Akakaa. Nikamwambia mzee si tumalizie tu, kileleni pale tunapaona. Akanijibu, na hili jibu sijawahi kulisahau, akasema, "Hapa saa nne pana kivuli. Kule juu kivuli kinafika saa tisa. Nikapumzike juani ili iweje?" Na akaniambia pia hasimami kabisa kwenye kona, anasimama kabla ya kona, pale ambapo lori linalopanda na linaloshuka yote yanamwona kwa mbali, na gongo lake anaweka upande wa majani, lami anaiachia wenye haraka.

Yaani huyu mzee anaujua mlima kwa saa. Anajua kivuli cha kila mti kinaangukia wapi muda gani. Mkimpita Jumapili mnapiga kengele "pisha pisha", mjue mnampigia kengele profesa.

Nikamuuliza na kuteremka inakuwaje, na breki zile za vyuma zimekufa? Akanyanyua mguu akanionyesha katambuga, yale makubazi ya tairi. Kwenye mteremko na mzigo anatembea, hapandi. Bila mzigo anapanda, anakandamiza kisigino cha katambuga kwenye tairi la nyuma. Tairi juu ya tairi. Msiige! Nawaambia tu ili mjue.

Maana mimi kwenye breki nina historia mbaya. Kipindi hicho ndo kwanza naanza ufundi, najiona najua kila kitu, nikanunua mipira ya breki kwenye duka moja mjini, jina nabaki nalo, bei poa sana, nikafunga. Asubuhi kuna manyunyu, nateremka Ipogolo nawahi kuchukua spea. Rimu zangu za chuma, zile za kung'aa. Rimu ya chuma ikilowa, hata mpira mzuri hausimamishi mpaka uzunguke kwanza maji yafutike, sasa mpira wangu ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Nikabana breki, hakuna kitu. Nikabana zote mbili kwa nguvu zangu zote, baiskeli ndo kwanza inaongeza mwendo kama imetukanwa. Mbele kuna gari, nikakwepa, nikakosa kona, nikaruka mfereji, nikatua kwenye bustani ya mchicha ya mama mmoja aliyekuwa amechutama anamwagilia. Mama hakupiga hata kelele. Akanyanyuka akaniangalia, akauangalia mchicha, akahesabu matuta mawili, akaniambia bei. Nililipa. Na nyumbani tulikula mchicha siku nne.

Toka siku ile kila baiskeli inayotoka kibandani kwangu naijaribu breki nimeimwagia maji kwanza. Wateja wananiona chizi. Nyie wenye rimu za alumini mna nafuu, wenye diski mna nafuu zaidi, lakini kwenye mteremko mrefu msibane breki muda wote kama mmeng'ang'ania mlango wa daladala. Bana, achia, bana, achia, mbele na nyuma kwa zamu. Rimu ikibanwa kilomita nzima bila kuachiwa inapata moto mpaka tyubu inapasuka, na ikipasuka ya mbele kwenye kona mi sina spea ya hiyo.

Hapo ndo inakuja Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Dar. Kila mwaka kuna kijana anakuja kuniambia fundi nataka kuishusha Kitonga. Namwambia hapana. Kuipanda, sawa, siku ya Jumapili alfajiri kabisa, mko wengi, mmevaa vikoti vya kung'aa, mna gari nyuma. Kushuka sitaki. Ile barabara semi zinapanda zinatambaa, nyingine zimezimika katikati zimewekewa mawe kwenye tairi na matawi ya miti barabarani, huku korongo huku ukuta wa mlima, na basi linataka kupita hapo hapo. Baiskeli haina nafasi katika ugomvi huo. Ila ukiipanda siku moja kutoka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la vitunguu na mibuyu, ukafika juu ukahisi hewa imebadilika, baridi inakugusa shingoni, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wa pwani walikuwa wanatuona sisi kama nchi nyingine. Ni nchi nyingine kweli. Umepanda ukuta.

Na hapo ndo nairudia Lugalo niliyowaahidi.

Lugalo ni kabla hujafika Ilula ukitokea hapa, kando ya njia ya Dar, kuna mnara. Mnapita spidi mnasema "tumefika wapi", tumefika Lugalo jamani, tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda anaitwa Emil von Zelewski, watu walimpa jina Nyundo, katoka pwani na jeshi lake la kikoloni, askari wamebeba bunduki, wapagazi wamebeba mizigo, punda. Fikirieni kibaiskeli, msifikirie kama mtihani wa historia. Tukiwa watu 30 kwenye mlima nini kinatokea? Tunakatika. Wenye miguu wako mbele, wanene tuko nyuma, katikati kuna pengo, na kila mtu anaangalia tairi la mwenzake. Hivyo hivyo. Msafara mrefu umetandazika kwenye njia nyembamba, vichaka huku na huku, wamechoka, na Nyundo hakutuma watu wa kutosha kutangulia kuangalia mbele. Wahehe wamelala kwenye nyasi na mikuki yao. Wajerumani 10 walikufa pamoja na Nyundo mwenyewe, na askari zaidi ya 200, na vita ilichukua muda mfupi tu. Leo kambi kubwa ya jeshi letu kule Dar inaitwa Lugalo, na hospitali ya jeshi, wagonjwa wanasema "niko Lugalo", wengi hawajui ni kichaka cha kwetu hapa.

Siku moja nilisimama pale na baiskeli, sikupiga picha, nikajaribu kuangalia ile njia kama aliyejificha, si kama anayepita. Nikaona kila kitu. Anayepanda haangalii pembeni, pumzi haimruhusu. Mkwawa na watu wake walikuwa wanalijua hilo bila kidude.

(Hapa kuna kijana akauliza kwamba Isimila nayo si ni historia, mbona siitaji.) Naitaja, Isimila ni rahisi, kilomita kama 20 njia ya Mbeya, milima yake ya kistaarabu, inafaa kwa wanaoanza na watoto. Zile nguzo za udongo mnazopigia picha za harusi ni mvua imechonga. Lakini kilicho kizito pale ni yale mawe, mashoka ya mkono, yametengenezwa na watu zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, na mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Kiboko, Isimila, pakavu vile! Kwa sababu palikuwa na maji. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa anapita safarini ndo aliyaona, halafu miaka ya 1957 na 1958 wataalamu wakaja kuchimba. Mwanafunzi, safarini. Angekuwa anaangalia kidude tusingejua.

Ndugu zetu wa Mbeya wasiseme nimewasahau. Nyie mna ruti ambayo mi naionea wivu, ile ya Uyole kupanda mpaka Isongole, baridi inakukata masikio, viazi barabarani kila upande, halafu ghafla unaanza kuteremka, migomba inaanza, chai inaanza, mvua inaanza, maana Tukuyu mvua haiombi ruhusa. Na Tukuyu nayo ni uamuzi wa mtu na mlima. Wajerumani mwanzo walikaa chini ziwani, Langenburg yao ilikuwa pale kando ya Ziwa Nyasa, joto na homa zikawashinda, wakapanda juu wakaanzisha Langenburg mpya, ndo Tukuyu hiyo. Kwa hiyo ukiwa unapanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu unakufa, unajua unafuata nyayo za watu waliokuwa wanaikimbia malaria. Nilipanda mara moja tu. Katikati nikalala kwenye majani ya chai kama nusu saa, wachuma chai wakanifunika na gunia wakadhani naumwa.

Na barabara yenu ya Chunya sijaipanda, najua mtanicheka. Mwakani.

Haya mwenyekiti ananionyesha saa. Mambo machache ya Jumapili alafu nakaa. Tunaenda Kalenga kupitia Tosamaganga, tunaondoka saa 12 kamili asubuhi, si saa 12 ya Kiswahili ya kwenye harusi. Ni mwezi wa saba, baridi, vaeni sweta mtavua mbele ya safari. Kila mtu aje na tyubu moja ya akiba, solusheni na viraka, mi siji na spea zenu. Tutatembea kwa mstari mmoja kwenye lami, wawili wawili ni kwenye vumbi tu. Aliye mbele akiona shimo anaonyesha kwa mkono, aliye nyuma akisikia basi anapiga ukelele. Kwenye mlima kila mtu aende kwa miguu yake, tunasubiriana juu, na hakuna kucheka anayekokota, mwenye kucheka atakokota na yeye mpaka mjini, hiyo sheria nimeitunga sasa hivi. Chakula kuna mama mmoja pale Kalenga atatupikia ugali na samaki, tumekubaliana sahani kwa mtu, mlipe kwa mweka hazina leo leo.

Na vile vidude, sivikatazi. Ila nimeleta kikapu. Kuanzia Tosamaganga mpaka Kalenga vinaingia humu kwenye kikapu, kinafungwa kwenye keria yangu, mnavichukua makumbusho mkishatoka ndani. Kijana wa wastani 24 ndo atakayekagua kikapu. Nimeshaongea naye, amekubali, ingawa ameniuliza, "Fundi, sasa tutajuaje tumeenda kilomita ngapi?"

Nimemwambia atamuuliza yule mzee wa nyanya, maana saa hizo atakuwa anapandisha.